Dogo wa Challenger Amezingua: Usukani Mgumu Sawa, Ila Mama Naye Aendeshe Nini?

Kuna ubishi ambao haujawahi kupoa kwa wapenzi wa magari ya misuli ya Marekani, zile ndinga za miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70 zenye V8 kubwa, pua ndefu na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Ubishi wenyewe unahusu kung'oa pawa steringi iliyokuja na gari na kufunga steringi boksi ya kawaida, ile isiyo na pampu wala mafuta ya presha, inayokwenda kwa nguvu za mikono ya dereva tu. Wapo wanaosema huo ndio uanaume wa barabarani, na wapo wanaosema ni kujitesa bure.

Safari hii moto umewashwa na kijana mmoja wa Ohio. Jina linahifadhiwa, hapa ataitwa Dogo.

Stori iko hivi. Dogo karithi Dodge Challenger ya 1970 kutoka kwa marehemu baba yake. Injini ni ile V8 ya inchi za ujazo 383, chuma kitupu, na gari zima lina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Mama yake mzazi yupo hai, ana miaka zaidi ya 70, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiitoa hiyo gari kila Jumapili. Baba alikuwa wa kufungua boneti na kupangusa vumbi. Mama alikuwa wa kuendesha.

Dogo akaingia gereji. Kang'oa pampu, kang'oa mipira ya mafuta, kang'oa boksi ya zamani, vyote kauza. Kafunga boksi ya mkono, karekodi video, karusha mtandaoni, laiki zikamiminika kama mvua ya masika. Jumapili ikafika. Mama kachukua funguo kama kawaida yake, kawasha gari, kafika mwisho wa njia ya nyumbani pale inapokutana na barabara. Akakata kona, usukani ukagoma. Kajaribu tena kwa mikono miwili, bega likamuuma. Karudisha funguo mezani, kaingia ndani. Tangu siku hiyo hajaziomba tena.

Na hilo Dogo kalisimulia mwenyewe, tena kwa kicheko, eti "mama kashindwa na mnyama". Mashabiki wakacheka naye. Hapo ndipo ishu inapoanza.

KWANZA DOGO APEWE HAKI YAKE

Tusimsulubu mtu bila kumsikiliza. Hoja yake ya kiufundi ina mashiko, na anayemwita mjinga hajawahi kushika usukani wa Chrysler ya zama hizo.

Pawa steringi ya Chrysler ya miaka hiyo ilikuwa na sifa moja mbaya: wepesi uliopitiliza. Unaizungusha kwa kidole kimoja. Kwenye maegesho ni raha tupu, lakini ukiwa kasi kwenye barabara kuu hujui matairi ya mbele yanafanya nini. Unakata kona na usukani haukuambii chochote, kama vile unacheza gemu. Mtu anayependa kuendesha kweli lazima limkere.

Ukiweka boksi ya mkono, barabara inaanza kuongea. Unasikia lami ikibadilika, unasikia tairi linapoanza kupoteza mshiko. Halafu kuna faida nyingine ndogondogo: pampu imeondoka, mkanda wake umeondoka, hakuna mipira ya kuvuja mafuta juu ya sakafu ya gereji, na uzito umepungua kule mbele ambako gari hizi zimelemewa tayari. Wale wa mashindano ya mbio za mstari ulionyooka walikuwa wanalijua hili tangu zamani, ndiyo maana wengi wao hawakutaka pawa kabisa.

Kwa hiyo kubadilisha boksi siyo dhambi. Kuna watu wamefanya na wanaishi kwa amani. Madereva wa zamani wa Land Rover 109 huku kwetu nao walikata kona za milimani miaka na miaka bila pawa yoyote, na mizigo juu.

Tatizo la Dogo liko kwingine.

ASILI GANI HIYO?

Kwenye video yake Dogo anasema anairudisha gari kwenye "asili yake". Neno tamu hilo, linauza. Ila siyo kweli.

Pawa steringi haikuletwa juzi na watu wavivu. Injinia mmoja Mmarekani, Francis W. Davis, alishaionyesha ikifanya kazi kwenye gari tangu 1926. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kwenye magari ya kijeshi. Mwaka 1951 Chrysler wakaiweka kwenye Imperial, na hiyo ikawa ya kwanza kuuzwa kwa watu wa kawaida kwenye gari la abiria. Mwaka uliofuata Cadillac nao wakafuata. Maana yake hadi Challenger inatoka kiwandani kwa mara ya kwanza kama modeli ya 1970, teknolojia hii ilikuwa sokoni karibu miaka ishirini.

Kwenye Challenger ilikuwa ni nyongeza ya kulipia. Aliyeitaka aliandika kwenye oda na kuongeza hela. Gari za Chrysler za miaka hiyo zina kibati cha chuma chini ya boneti chenye namba za oda: rangi, injini, gia, na vikorokoro vyote vilivyoombwa. Na kwenye video ya Dogo mwenyewe, wadau wenye macho makali wamekisoma kibati hicho. Pawa steringi ipo pale. Gari ilizaliwa nayo.

Sasa asili ipi inarudishwa? Kinachorudishwa ni picha ya asili iliyoko kichwani mwa mashabiki, kwamba zamani wanaume walikuwa wanaume na usukani ulikuwa unapigana. Kumbe zamani hiyo hiyo kuna mtu alikaa mbele ya muuzaji, akafikiria nani ataendesha, akaongeza hela ili usukani uwe mwepesi. Huo nao ni uamuzi wa mwenye gari, na una heshima yake.

KAZI YENYEWE ALIIFANYA NUSU

Hapa wapenzi wa spana watulie kidogo, maana kuna somo.

Boksi za mkono za Chrysler za wakati ule zilikuwa za aina mbili kubwa. Kuna ya 24 kwa 1 na kuna ya 16 kwa 1. Yaani kwenye ya kwanza unazungusha usukani nyuzi 24 ili shafti ya chini izunguke nyuzi moja. Mikono inafanya safari ndefu, zaidi ya mizunguko mitano kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, lakini kila mzunguko ni mwepesi zaidi. Ya pili ni ya haraka, mizunguko michache, ila kila sentimita unailipia kwa misuli. Boksi ya pawa ilikuwa karibu 15.7 kwa 1, mizunguko kama mitatu na nusu hivi, kwa sababu pampu ndiyo iliyokuwa inabeba mzigo.

Dogo kachagua 16 kwa 1. Kwa nini? Kwa sababu ni ya kimichezo. Maana yake kabakiza kasi ileile ya pawa na kuondoa msaada wote. Hilo ni kosa la kwanza kwa gari yenye injini nzito mbele.

La pili, matairi. Challenger ya 1970 ilitoka na matairi membamba kuliko yanayopendwa leo. Dogo kaweka mapana mbele, maana kwenye picha yanakaa vizuri. Tairi pana linang'ang'ania lami hasa gari ikiwa imesimama.

La tatu, usukani wenyewe. Katoa ule mkubwa wa kiwandani na kuweka mdogo wa mashindano. Mtu yeyote aliyewahi kulegeza nati iliyokaza anajua spana ndefu ndiyo inayosaidia. Usukani mkubwa ni spana ndefu, usukani mdogo ni spana fupi. Ukipunguza, unajinyima nguvu kwa mikono yako mwenyewe.

La nne, hakugusa alaimenti. Kuna kipimo kinaitwa kasta, jinsi ekseli ya kugeuzia tairi inavyolalia mbele au nyuma. Kiwanda kilitoa vipimo tofauti: gari yenye pawa iliwekewa kasta ya chanya kidogo, yenye boksi ya mkono ikawekewa ya hasi kidogo ili usukani upungue uzito. Ukibadilisha boksi ukaacha kasta ileile ya pawa, umejiongezea mzigo. Kweli, matairi ya kisasa ya radiali yanapenda kasta ya chanya ili gari itulie kwenye mwendo, kwa hiyo hapo kuna kupima na kuchagua. Dogo hakupima wala hakuchagua.

Ukijumlisha yote manne, hata bondia angelalamika. Kwa hiyo siyo kweli kwamba mama kashindwa na mnyama. Mama kashindwa na hesabu za mwanawe.

USALAMA SIYO WA KUPIGIA PICHA

Kuna watu wameiona video na sasa wanataka kuiga. Wajue mambo yafuatayo kabla hawajashika spana.

Boksi ya mkono na ya pawa hazibadilishani kama balbu. Shafti ya chini ya boksi ya mkono ina unene wa inchi 1 na 1/8, ya pawa ni inchi 1 na 1/4, hivyo mkono unaoshuka kutoka kwenye boksi kwenda kwenye rodi za steringi nao lazima ubadilishwe. Mkono huo unatolewa kwa pula yake maalumu. Ukiugonga kwa nyundo unaumiza boksi kwa ndani na hutaliona tatizo hadi siku mbaya.

Boksi ya pawa ni ndefu kuliko ya mkono, kwa hiyo nguzo ya usukani kwenye gari ya pawa ni fupi. Ukiweka boksi ya mkono, nafasi inabaki katikati. Kuna viungio vinavyotengenezwa kwa kazi hiyo, au unatafuta nguzo ndefu ya gari lililotoka bila pawa. Usimruhusu fundi akate bomba na kulichomelea kwa kukadiria. Kiungio hicho kikiachia mwendo wa kilomita mia kwa saa, usukani unabaki mikononi kama sahani.

Boksi lazima ifungwe ikiwa katikati kabisa. Unaizungusha mwisho hadi mwisho, unahesabu mizunguko, unarudi nusu yake, ndipo unaunganisha huku matairi yakiangalia mbele. Halafu fremu ya mbele inayoshika boksi ikaguliwe welding zake, maana chuma cha zaidi ya miaka 50 kina siri, na sasa kinapokea nguvu zote za mikono bila pampu kusaidia.

Na wale wanaosema "mbona mimi nimekata mkanda wa pampu tu, ni kitu kilekile", hapana. Boksi ya pawa bila pampu siyo boksi ya mkono. Bado inasukuma mafuta ndani yake, uwiano wake bado ni wa haraka, na kuna mchezo wa ziada kwenye vali kabla tairi halijaitika. Ni ngumu kuliko zote na haina raha yoyote.

GARI NI LA NANI?

Mashabiki wa Dogo wana jibu moja: gari kaachiwa, ni lake, afanye atakavyo. Kisheria hakuna wa kubisha. Jina lake ndilo liko kwenye karatasi.

Lakini familia haiendeshwi kwa karatasi peke yake. Mtu mwenye miaka zaidi ya 70 aliyefiwa na mume ana vitu vichache vinavyomtoa nyumbani kwa hiari yake. Kwa mama huyu kimojawapo kilikuwa hicho kiti cha dereva siku ya Jumapili. Hakuomba pesa, hakuomba kupelekwa hospitali. Aliomba funguo. Sasa anakaa kiti cha abiria, kwa hisani ya mwanawe, siku mwanawe akiwa na nafasi. Hapo kuna kitu kimepotea ambacho hakina bei kwenye duka la vipuri.

Ukimchunguza Dogo huoni roho mbaya. Inaonekana kabisa anampenda mama yake. Shida ni kwamba alipokuwa anapanga hii kazi, watu aliowawazia ni wale wa kwenye simu. Wanaojua neno "fili ya barabara", wanaosifia usukani mdogo, wanaoandika "mwanaume kamili" chini ya posti. Hao hawatawahi kuendesha hiyo gari. Aliyekuwa anaiendesha alikuwa jikoni, hatua ishirini kutoka gereji, na hakuulizwa.

Swali lilikuwa dogo tu: "Mama, nataka kubadilisha steringi, itakuwa nzito, unaonaje?" Sekunde kumi. Pengine angesema fanya, mimi nimechoka kuendesha. Pengine angesema subiri nimalize mwaka huu. Vyovyote vile angekuwa amejibu mwenyewe.

Na huu utamaduni wa kupima uanaume kwa ugumu wa usukani nao umechosha. Usukani mwepesi haukuwahi kumfanya mtu dereva mbovu. Malori makubwa yana pawa, mabasi ya mikoani yana pawa, na madereva wake wanakesha njiani na abiria sitini nyuma, hakuna anayewaita laini. Kama ugumu ndiyo sifa, basi mwenye mkokoteni ndiye bingwa wa dunia.

NJIA ZILIKUWEPO

Kinachouma zaidi ni kwamba Dogo angeweza kupata karibu kila alichotaka bila kumnyang'anya mama usukani.

Boksi ya zamani ingeweza kufumuliwa na kurekebishwa vali yake ili iwe nzito kiasi. Wapo mafundi wa hizo gari wanaoifanya kazi hiyo kwa ngazi, unachagua kidogo, wastani au nzito. Presha ya pampu nayo inaweza kupunguzwa. Hapo ungepata usukani unaoongea na bado mtu mzima anaweza kuegesha. Kuna pia mota za umeme zinazofungwa kwenye nguzo ya usukani chini ya dashibodi, hazionekani, na unaweza kurekebisha msaada kwa kuzungusha kitufe. Siku ya Dogo anapunguza, siku ya mama anaongeza.

Hata kama alikuwa ameng'ang'ania boksi ya mkono, angechukua ya 24 kwa 1, akaacha usukani mkubwa wa kiwandani, akaweka matairi ya wastani mbele na kurekebisha kasta. Gari ikitambaa kidogo tu kabla ya kukata kona, uzito unapungua sana. Angemfundisha mama hilo asubuhi moja.

Na la mwisho, vile vipuri vya zamani asingeuza. Ukitoa kitu cha asili kwenye gari la urithi unakifunga kwenye gazeti, unakiandika jina, unakiweka kwenye rafu. Nati iliyofungwa inaweza kufunguliwa. Kitu kilichouzwa kinatafutwa kwa bei ya mwenye nacho.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Challenger haijaungua. Boksi za pawa za gari hizi bado zinapatikana, zilizofanyiwa ukarabati, na pampu pia. Dogo ana mikono, ana gereji, na kwa laiki zile huenda hata hela ya kununulia ipo. Afunge pawa yenye uzito wa wastani, ampe mama funguo, na hiyo ndiyo iwe video ijayo. Au asirekodi kabisa, ndiyo ingekuwa bora zaidi. Kizuri kula na nduguyo, na mama ni zaidi ya ndugu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Dogo yuko sahihi kwa sababu gari ni lake, au amezingua? Na wewe uliyerithi kitu cha mzee, ulimuuliza nani kabla hujakibadilisha? Shusha maoni hapo chini, matusi hapana.